Vipindi Visivyotazamwa

Kila jioni, dakika chache kabla ya tamthilia kuanza, mshonaji alinawa mikono, akaikausha kwa aproni, akaketi mbele ya kompyuta na kubonyeza kitufe chenye nukta nyekundu. Programu ilikuwa na uwezo wa kurekodi yenyewe. Mwanawe alikuwa ameipangia siku na saa kabla hajahama. Lakini mshonaji hakuwa mtu wa kuiachia mashine kazi aliyoagizwa yeye. Akishaona nukta imewaka, alizima spika, akageuza kiti, akakipa kioo mgongo na kuanza kupinda kitambaa chochote kilichokuwa karibu. Tamthilia ilipita nyuma yake kimyakimya, ikaingia kwenye diski, ikaisha. Hakuona hata picha moja.

Si kwamba hakuipenda. Aliipenda mno, na hapo ndipo ulipokuwa mkosi wenyewe. Mwanawe alipokuwa angali nyumbani walikuwa wakiitazama pamoja, mama kwenye kiti cha mikono, kijana sakafuni ameegemea kabati, wakimsuta yule wakili mwovu kana kwamba anawasikia. Jioni moja mama alitoka kuanua nguo, na kijana hakumsubiri. Alitazama peke yake, kisha akamsimulia mama huku akicheka. Mama alinuna. Alinuna kwelikweli, akawa anampakulia chakula bila neno, mpaka kijana akaja kumwomba radhi na sabuni mkononi, akaosha vyombo vyote vya nyumba, hata vile visafi. Tangu hapo wakawekeana sharti: hakuna kutazama peke yako, hata paa likiungua.

Kisha kijana akapata kazi ya kufunga kompyuta za maofisi, katika mji mwingine. Kabla ya kuondoka alimfungia mama kompyuta sebuleni, akachomeka kadi ya televisheni, akapitisha waya wa antena dirishani, akamwonyesha pa kubonyeza.

"Nirekodie, Mama," akasema. "Mwisho wa mwezi nikija tunazitazama zote kwa mpigo. Ila usitazame bila mimi."

"Mimi? Msaliti ndani ya nyumba hii tunamjua," mama akajibu, wakacheka wote wawili.

Mwisho wa mwezi ukafika, ukapita. Ukaja mwingine. Kijana alibanwa na kazi, halafu akashikwa na mafua, halafu rafiki yake akaoa, halafu akabanwa tena na kazi. Hakuwa mtoto mbaya, na msimulizi huyu hana nia ya kumchongea. Alikuwa akipiga simu, akiuliza habari za magoti ya mama yaliyokuwa yakimuuma, na kabla ya kukata hakukosa kuuliza: "Umenirekodia?"

"Nimekurekodia."

"Hujatazama?"

"Toka hapa!" mama alimwambia, na baada ya kuweka simu alikaa akitabasamu peke yake kwa muda, halafu tabasamu likaisha.

Kulishika sharti lile hakukuwa lelemama. Mshonaji alifanya kazi katika chumba cha kutengenezea shuka za hospitali, na pale kwenye meza ya pasi hapakuzungumzwa jambo jingine ila tamthilia. Wenzake walipoanza kusema nani kamfanya nini nani, yeye alichukua foronya zake akaenda kushonea koridoni. Nyumbani kulikuwa na jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Redio, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Mama Redio alitazama kwa sauti ya juu na kujibizana na kioo. Ikabidi mshonaji awe anapiga cherehani muda wote tamthilia ikiendelea, hata pale ambapo hakuwa na kitambaa chini ya sindano.

Ila kulikuwa na kazi moja ya kukagua. Kijana alikuwa amemwagiza afungue vipindi vya zamani mara mojamoja, asikilize mwanzo tu kuhakikisha sauti imeingia, kisha afunge. Mama aliifanya kazi hiyo akiwa amejifunika macho kwa kiganja.

Jumamosi moja mchana alifungua kipindi, akangojea wimbo. Wimbo haukuja. Alisikia kiti kikilia, kisha mtu akikohoa. Akatoa kiganja machoni.

Wahusika wa tamthilia walikuwa wameketi kwenye ukumbi wa nyumba ya wakili, wamepanga viti kuelekea upande wake. Bibi harusi alikuwa na gauni lake, shela ameikunja mapajani. Dereva alikuwa ameshika kofia. Wakili mwovu alikuwa ameegemea ukuta, amefumba mdomo kama mtu mwenye maji mdomoni.

"Shikamoo, Mama," bibi harusi akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Ameshafika?"

"Bado."

"Haya," bibi harusi akasema, akaendelea kunyoosha shela kwa vidole.

Mshonaji akafunga faili. Alifungua kipindi kingine, cha karibuni zaidi, akawakuta walewale, ukumbi uleule. Akaenda kuwasha jiko.

Kijana alipopiga simu, mama alimweleza. Kijana hakushtuka.

"Ni kawaida, Mama. Kipindi kikikaa muda mrefu bila kutazamwa, wahusika huwa wanaacha kuigiza, wanangoja. Wateja wangu nao wanalalamika. Wewe tazama tu, wataendelea."

"Nitazame bila wewe?"

"Aa, hapana. Nisubiri. Mwezi huu nakuja bila kukosa."

Mama akasubiri, na wale nao wakasubiri. Akaanza kuwafungulia kila alasiri akitoka kazini, si kwa kutazama, maana hapakuwa na cha kutazama. Sharti lilihusu tamthilia, na hao walikuwa watu waliokaa tu. Siku moja aliona pindo la gauni la bibi harusi limefumuka. Jambo hilo lilimnyima raha hata chakula kikamshinda. Alibonyeza kile kijidroo cha kuwekea CD, kikatoka. Akaweka humo sindano na bobini ya uzi mweupe, akakisukuma ndani. Bibi harusi aliinama upande, akavichukua.

"Pinda ndogondogo," mshonaji akamwambia. "Hiyo ni satini, ukiivuta inakunja uso."

Kesho yake kijidroo kilipofunguka, kulikuwa na ua moja jeupe kutoka kwenye shada la harusi, limelowa umande. Mshonaji aliliweka kwenye glasi.

Hivyo ndivyo walivyozoeana. Dereva alikuwa mcheshi, akimuuliza hali ya magoti kabla hajaulizwa yake. Wakili, mtu ambaye mshonaji alikuwa akimsuta miaka yote, kumbe akiwa hayuko kazini ni mpole mwenye haya. Alieleza kwa shida, akisemea kwenye meno, kwamba kuna neno baya alilotakiwa kumwambia bibi harusi katika kipindi cha kwanza kisichotazamwa. Bado alikuwa amelishika mdomoni.

"Limeanza kunichubua fizi," akasema.

"Pole, baba. Huwezi kulitema?"

"Mpaka mtazame."

Mshonaji akahamishia sahani yake ya jioni mbele ya kompyuta. Wakampa nafasi ya kula kwa kutazama pembeni, kama watu waliolelewa vizuri. Akimaliza, bibi harusi humwonyesha kiti kilicho wazi karibu naye.

"Si uje ukae huku, Mama? Huko uko peke yako."

"Nikija huko, nani atamfungulia mlango?"

Bibi harusi akarudia kunyoosha shela yake.

Basi ikafika siku ambayo programu ilitoa onyo kwamba diski inakaribia kujaa. Kule ndani viti vilikuwa vimebanana, na watu waliokuja na vipindi vipya, wapishi, mahakimu, mapacha waliopotezana, walikuwa wamesimama ukutani bega kwa bega. Mshonaji akapiga simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Futa vya zamani, Mama," kijana akasema.

"Vya zamani ndivyo vya mwanzo. Tukivifuta tutaanzia wapi?"

"Basi acha kurekodi kwa muda."

"Niache?" Sauti yake ikatetemeka, akakasirika kwa kuwa imetetemeka. "Wewe sema tu kwamba huji tena. Niambie, nijue moja."

Kijana akavuta pumzi. "Jumamosi hii nakuja. Nimesema. Ninakuja na diski."

Wiki nzima mshonaji alikaa roho juu. Aliwapa wale habari, na ukumbi mzima ukachangamka. Bibi harusi alifua shela akaianika dirishani mwa wakili. Dereva alilisugua gari la maharusi mpaka likawa linaakisi mawingu. Wakili alinyoa ndevu. Mshonaji naye alifuta vumbi juu ya kabati ambako hakuna mtu anayeona, akapika chakula kile anachokipenda mwanawe, akasogeza kiti cha mikono mahali pake na kutandika mto sakafuni, pale pa kuegemea kabati.

Kijana alifika kweli. Alikuwa amenenepa kidogo, na amejifunza kuvaa mkanda. Alimkumbatia mama akamnyanyua mpaka viatu vikaacha sakafu.

"Mama, umepungua."

"Wewe ndiye uliyeongezeka. Kaa nikupakulie."

"Nianze na kazi kwanza." Alikuwa ameshashika bisibisi. "Mwenzangu ananisubiri chini kwenye gari. Tuna ofisi ya kufungia kompyuta huko mbele leoleo."

Mshonaji alibaki na kijiko mkononi. Alimtazama mwanawe akipiga magoti juu ya ule mto aliomtandikia, akifungua mfuniko, akipuliza vumbi, akichomeka diski mpya kwa vidole vyepesi vilevile vilivyokuwa vikimvutia uzi kwenye tundu la sindano zamani. Alipokibonyeza kijidroo cha CD alikuta bobini, maganda ya karanga na kifungo cha koti la dereva.

"Mama, usiwe unaweka vitu humu. Vinakwaruza lenzi."

"Sawa."

"Ngoja nijaribu."

Akafungua kipindi cha kwanza kabisa. Kule ndani wote wakainuka. Bibi harusi alishusha shela usoni. Dereva alivaa kofia. Wimbo ulianza, ule wimbo ambao mshonaji hakuwa ameusikia tangu wale waache kuigiza, na machozi yakamlenga hapo hapo. Wakili alipiga hatua mbele, akamgeukia bibi harusi, akafumbua mdomo.

"Sauti ipo," kijana akasema, akafunga.

Huko chini honi ikalia. Kijana alifuta mikono, akambusu mama kwenye paji la uso, akachota kijiko kimoja cha chakula akiwa wima, akasema ni kitamu, kweli kilikuwa kitamu. Mlangoni aligeuka, uso unang'aa kama mtu aliyeleta zawadi.

"Sasa huna wasiwasi tena, Mama. Hiyo diski ni kubwa. Unaweza kurekodi miaka na miaka."

"Ahsante, baba," mama akasema. Iliuma. Iliuma kuliko siku aliyohama, kwa sababu siku ile alikuwa amesema atarudi, na leo alikuwa amerudi.

Alifunika sufuria, akakunja mto, akafungua kompyuta. Walikuwa bado wamesimama.

"Ndiye yule?" bibi harusi akauliza.

"Ndiye."

"Mmefanana."

"Macho tu."

Wakili alilimeza lile neno, akashika koo, akarudi kwenye kiti chake. Mmoja mmoja nao wakaketi. Msongamano ulikuwa umekwisha. Kwa ile diski mpya ukumbi ulikuwa umepanuka hata ukuta wa mwisho haukuonekana tena, na kote huko kulikuwa na viti vitupu, safu kwa safu, vimegeuzwa upande wa sebule.

Mshonaji aliitazama nafasi hiyo yote. Kisha alisogeza kibodi pembeni, akachukua shuka aliyokuwa akiitia kiraka, akapanda mezani kwa kujikokota na kuingia ndani ya kioo. Dereva alimpa mkono kwa ajili ya magoti. Akaketi kwenye kile kiti kilichokuwa wazi karibu na bibi harusi, akatafuta pale alipokuwa ameachia mshono.

Siku hizi, akitoka kazini, huko ndiko anakokaa. Kiti cha huko ni laini kuliko chake. Mama Redio akija kurudisha ungo humwona kwenye kioo.

"Upo, jirani?"

"Nipo. Weka hapo mezani."

"Sauti yako inafika vizuri," Mama Redio husema, na huuweka.

Jioni hutoka kunawa mikono na kubonyeza nukta nyekundu, kisha hurudi. Simu ikilia hutoka pia, akiteremka mezani taratibu, na wale hunyamaza wote ili asikie vizuri.

"Umenirekodia, Mama?"

"Nimekurekodia."

"Mwezi huu nimebanwa. Mwezi ujao nakuja, tutakaa siku nzima."

"Sawa, baba."

"Lakini usitazame bila mimi."

"Siwezi," mama husema, na anaposhusha simu, ukumbi mzima huwa umemgeukia, wanasubiri awaambie kama anakuja.