Birika la Mzee Aloyce

Siku ya kumaliza matanga ya baba yake, Theopista alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo halikuwa chakula cha wageni. Jumatatu vijana wa chuma chakavu wangefika hapo Inyonga na mitungi yao ya gesi, wangelikata Birika vipande vipande na kulipakia kwenye fuso. Kaka yake Silvesta alikwisha kupatana nao. Silvesta ndiye mtoto wa kwanza, tena mwanamume, na ukoo ulimwachia aamue mali ya marehemu. Theopista angeweza kumwomba abadili nia, lakini kumwomba mtu ni lazima useme naye, na hao wawili walikuwa hawasemezani miaka sasa.

Birika lenyewe lilikuwa limeegeshwa uani, chini ya kibanda cha bati, likiwatazama waombolezaji. Jina hilo lilitoka kwa watu, kwa kuwa lilikuwa haliendi popote kabla ya kuchemsha maji. Kwa asili lilikuwa trekta la mvuke la kuvuta magogo, ambalo Wazungu wa kiwanda cha mbao walilitelekeza porini zamani sana. Lina tumbo refu la chuma, bomba la moshi mbele, na magurudumu ya nyuma yanayomzidi mtu mzima kimo. Mzee Aloyce alilikuta limeota miti ubavuni, akalipenda, na tangu siku hiyo nyumbani kwake hakuna aliyepumzika. Alilifungia kiti cha basi, taa za lori lililopinduka, geji tatu kutoka mashine tatu tofauti, na juu ya bomba akalivika taji la shaba alilolifua mwenyewe. Wageni waliokuja kununua asali walipiga nalo picha, wakasema limetoroka kwenye filamu. Masika, malori yaliponasa kwenye tope, lilipita kando yao likivuta tela la marobota ya tumbaku, na Mzee Aloyce aliwapungia madereva kofia kwa adabu yenye kuudhi kabisa.

Gari hilo linataka watu wawili. Mmoja anasimama mbele ya tanuri, anatia kuni, anaangalia maji na geji, na ndiye anayefungua mvuke. Mwingine anashika usukani, ambao lazima auzungushe mpaka mabega yaume ndipo magurudumu ya mbele yakubali kugeuka. Wa moto haoni barabara vizuri, wa usukani haoni geji, kwa hiyo ni lazima waambiane. Theopista alikuwa wa moto tangu usichana wake, Silvesta wa usukani, na baba yao alikaa nyuma kwenye kiti cha basi akikohoa na kutoa amri.

Ugomvi ulianza kwenye kikao cha ukoo, Silvesta aliposema mbele za watu kwamba baba yao alipoteza maisha ya familia nzima kwa ajili ya chuma. Theopista akamjibu kwamba asikanyage kwake mpaka aombe radhi. Silvesta hakuomba, na yeye hakusamehe. Kuanzia hapo, kama kuna neno, lilipita kwa Odeta, mke wa Silvesta, au kwa shangazi yao Josephina. Hata kwenye msiba, wakiwa wamekaa hatua chache tu, Silvesta alimwuliza shangazi kama sukari ipo, shangazi akamwuliza Theopista, Theopista akamwambia shangazi amwambie kwamba ipo. Shangazi Josephina alikuwa amechoka kuliko wapishi.

Sasa, msiba wa Mfipa hauishi bila watani, na mtani wa Mzee Aloyce alikuwa Nkwabi, Msukuma aliyekuja Katavi na ng'ombe wake akiwa kijana. Maksai wa Nkwabi ndio waliolivuta Birika kutoka porini, na kwa ajili hiyo alikuwa amemdai Mzee Aloyce shukrani kila siku ya maisha yake bila kuipata. Siku za msiba alifanya kazi yake ya utani barabara. Alimlaumu marehemu kwa kufa kabla ya mavuno, aliiba kuku jikoni mchana kweupe, na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Asubuhi hiyo alitokea nyuma ya nyumba amevaa ovaroli la Mzee Aloyce, lile lenye mafuta mpaka kwenye kola, na kofia yake. Alipinda mgongo, akakohoa kikohozi kile kile, na mwendo ulikuwa wa marehemu kabisa. Wanawake walicheka huku wakifuta machozi. Theopista hakucheka, kwa sababu kwa nukta moja moyo wake ulikuwa umeamini.

Nkwabi alipanda kwenye Birika, akaketi kwenye kiti cha basi, akatangaza kwamba yeye ni Aloyce na anataka kupelekwa makaburini kwa gari lake, maana siku ya kuzikwa walimpeleka kwa pikapu kama gunia la mahindi. Asipopelekwa hashuki, na asiposhuka matanga hayaishi.

Silvesta alicheka kidogo, kisha akamtolea mbuzi. Nkwabi akasema wafu hawali mbuzi. Silvesta akaongeza wa pili. Nkwabi akavuta kofia machoni, akajifanya kulala. Wazee wa ukoo walitazamana. Mtu anaweza kubishana na mwenyekiti wa kijiji, anaweza kubishana hata na padri, lakini mtani akishakalia neno lake huna pa kumpeleka. Wageni wa Mpanda walikuwa na basi la kuwahi, chakula kilikuwa kinapoa, na matanga hayawezi kuisha huku marehemu amekaa kwenye gari akikoroma.

Theopista ndiye aliyeinuka. Alifunga kanga ya pili kiunoni, akaenda kuleta kuni za mti wa mtundu kwenye rundo lake la kukaushia tumbaku. Mkaushaji wa tumbaku akizoea bani lake, kile kibanda cha kukaushia, anajua moto kwa ngozi ya uso, na yeye alikuwa akikausha tangu akiwa na mtoto mgongoni. Aliwasha taratibu, kwa vijiti kwanza, maana chuma kilicholala hakiamshwi kwa kishindo. Wanawake walipanga mstari wa ndoo kutoka bombani. Muda mrefu hakikutokea kitu ila moshi. Halafu tumbo la Birika likaanza kulia ndani kwa ndani, sindano ya geji ikatikisika, na watoto wakarudi nyuma.

Vijana wa bodaboda walijitolea kushika usukani. Nkwabi alifumbua jicho moja, akasema Aloyce habebwi na bodaboda. Watu wote wakamgeukia Silvesta. Alikuwa amesimama kando ya kibanda na mikono mifukoni, amevaa shati lake zuri la msiba, uso ameukaza. Theopista hakumtazama. Alimwomba Mungu moyoni, akaongeza ukuni mmoja. Aliposikia chuma kikilia kwa uzito wa mtu anayepanda upande wa usukani, alipangusa kioo cha geji kwa ncha ya kanga.

Walisimama bega kwa bega, karibu kuliko walivyowahi kukaribiana tangu ule ugomvi. Theopista akaikazia macho geji, akasema kwa sauti kama anayeongea na tanuri, "Mwambieni mvuke umefika."

Silvesta akaiangalia barabara. "Mwambieni afungue polepole."

Nkwabi aliinuka nyuma yao, akawasukuma vichwa vikakaribiana. "Nyie mnamwambia nani? Mimi nimekufa. Maiti hapeleki salamu."

Shangazi Josephina alijifunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Fungua, dada," Silvesta akasema.

Akafungua. Birika lilipiga chafya, likatema maji machafu, likajivuta kutoka kibandani kwa mwendo wa mtu mwenye heshima zake. Nje ya ua watu waliacha maduka. Pikipiki zilipanga mstari nyuma kana kwamba ni harusi, na ng'ombe waliokuwa wakipelekwa mnadani wakasimama kando, masikio yamewasimama. Theopista alitia kuni, akasema maji yamepungua, Silvesta akasema kuna mteremko mbele, naye Theopista akapunguza mvuke. Maneno hayo yalikuwa ya kazi tu, lakini yalikuwa yao wenyewe, hayakupita kwa mtu, na kila alipolisema moja alijisikia amepungukiwa mzigo.

Makaburini Nkwabi alishuka. Alivua ovaroli, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kaburi pamoja na kofia. Kila mtu alisubiri kichekesho. Nkwabi akakaa chini kwenye mchanga, akalia kama mtoto. Ni kwamba alimpenda Aloyce, na msiba mzima hakupewa nafasi ya kusema hivyo. Walipomwita apande warudi, alikataa. Alisema yeye ameshafika, matanga yameisha, na wenye gari waende zao.

Kwa hiyo walirudi wawili tu, bila mtu wa kuwasukuma vichwa. Waliokuwa wakifuata walibaki nyuma na Nkwabi.

"Mimi hakunifundisha moto," Silvesta akasema ghafla, macho mbele. "Nilimwomba. Nilimwomba mara nyingi. Kila mara ananiambia shika usukani, moto ni wa Theopista. Wewe alikupa injini, mimi akanipa barabara. Unadhani nilisema yale kikaoni kwa sababu ya nini?"

Miaka yote ile Theopista alikuwa na kinyongo chake alichokitunza, nacho kilikuwa kinyume kabisa. Alikuwa akiona kaka yake ndiye aliyependwa, amewekwa mahali pa kuonekana, anapungiwa mikono na watu njia nzima, wakati yeye msichana kafichwa kwenye moshi na masizi, nywele zikinuka kuni mpaka kanisani. Alimwambia hivyo, kwa maneno mafupi, kwa sababu maji yalihitaji kuangaliwa. Silvesta aligeuka akamtazama, na Birika likataka kuingia mtaroni.

"Barabara, kaka," akamwambia, naye akazungusha usukani kwa nguvu.

Wakafika njia panda. Kushoto ni nyumbani kwa marehemu, kulia ni kwa Silvesta, karibu na lami, mahali ambapo fuso la chuma chakavu lingeingia bila shida. Silvesta alianza kuzungusha kulia. Theopista aliona. Akamwuliza analipeleka wapi, naye akajibu neno moja, "Kwangu." Alikuwa ametoa jasho, shati lile zuri lilikuwa limeharibika kabisa, na uso wake haukusomeka.

Mkono wa Theopista ulikuwa kwenye mpini wa mvuke. Akiufunga, Birika linasimama pale pale njia panda, na hakuna mwanaume wa ukoo ambaye angeweza kuliondoa bila yeye. Angeweza kulilinda hivyo, angalau mpaka Jumatatu, kwa kukaa juu yake kama Nkwabi. Alifikiri. Alifikiri pia kwamba kaka yake alijua vizuri mkono huo uko wapi, na bado alikuwa amegeuza usukani bila kumwomba ruhusa wala kumwangalia, kama zamani walipokuwa wakiaminiana bila kujua kwamba wanaaminiana. Akauacha mpini wazi, huku anaogopa.

Odeta aliwafungulia lango akiwa ameshika kichwa. Silvesta aliliingiza Birika mpaka chini ya mwembe wa uani, akaruka chini, akatoa simu. Alipiga palepale, kwa sauti ya kusikika. Aliwaambia wale vijana wasije Jumatatu, wala Jumanne, chuma hakiuzwi. Upande wa pili walibishana, ikaonekana wamekwisha kukodi fuso. Silvesta aliwaambia mwenye gari alilipanda leo mwenyewe na amekataa, akakata simu.

Theopista akashusha pumzi. Alikuwa ameshinda, na alitaka kwenda kwao akalie anavyotaka. Lakini boila yenye moto haiachwi peke yake. Mtu wa tanuri hubaki hapo mpaka makaa yatolewe na geji irudi sifuri, iwe saa ngapi, iwe kwa nani. Na hapa ilikuwa uani kwa Silvesta, ambako hakuwa amekanyaga tangu kikao kile. Odeta aliliona hilo upesi kuliko wote. Alileta kigoda, akaleta maji ya kunawa, akaleta ugali na maharage, akaviweka karibu na gurudumu bila maneno mengi.

Walikula wote watatu kutoka sahani moja, wakisikiliza chuma kikilialia kwa kupoa. Walipomaliza, Silvesta alikunja mikono ya shati, akachukua koleo, akasimama mbele ya mlango wa tanuri. Mtu mzima mwenye mvi, mwenye duka la spea na heshima mjini, alionekana hajui aweke miguu wapi.

"Nianzie wapi?" akauliza.

Theopista akainuka kwenye kigoda, akampisha mahali pake, akamwambia afungue mlango kwanza, lakini uso auweke pembeni.