Nisamehe, Mwalimu

Madereva wenzake walimwita Taratibu, wala hawakuwa wanamsifu. Abiria mwenye haraka alimpita akapanda pikipiki nyingine. Waliobaki kwake ni wajawazito, wazee na wabeba trei za mayai. Ndiyo maana mkewe, msusi mwenye ulimi mkali kuliko wembe, alipoletewa habari kwamba mumewe amepata ajali, alijibu kwamba wamekosea mtu.

Hawakukosea. Gari dogo jeupe lilichomoka njia ya pembeni bila kusimama, likampiga ubavuni, mguu ukavunjika chini ya goti. Pikipiki ilikuwa upande wake. Hata mchoro wa askari ulionyesha hivyo. Ilikuwa kesi nyepesi: bima ya gari ilipe fidia, mguu ufanyiwe upasuaji wa pili, watu warudi kazini. Bila upasuaji huo, daktari alishasema, mguu ungeunga vibaya na Taratibu asingeendesha tena.

Tatizo ni kwamba mwenye usukani alikuwa Mwalimu Mkwaju. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi kwa sababu ya fimbo yake, na Taratibu alikuwa mmoja wao. Mzee aliposhuka garini akitetemeka, umati umeshajaa, majeruhi aliyelala kwenye lami alimtambua, akasema mbele ya kila mwenye masikio: "Nisamehe, Mwalimu."

Mdomo huponza kichwa. Safari hii uliponza mguu. Kampuni ya bima ilipata mashahidi wawili waliosikia, ikaandika kwamba mpanda pikipiki alikiri kosa mwenyewe papo hapo, kwa hiyo hakuna cha kulipa. Mwalimu naye alipohojiwa alisema hakumbuki vizuri.

"Umevunjwa wewe, halafu unaomba radhi wewe," msusi alimwambia mumewe walipopata habari hiyo.

Taratibu alisema maneno yalitoka yenyewe. Akaongeza kwamba heshima si utumwa, kama Mwalimu alivyozoea kuwaandikia ubaoni.

"Kwako imekuwa utumwa," mkewe akajibu, na siku ile hawakusemezana tena.

Sasa walikuwa wameketi katika chumba cha mikutano cha kampuni, kwenye meza ndefu yenye glasi za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Upande mmoja alikaa mkadiriaji wa bima, kijana wa sauti laini, pamoja na Mwalimu na mwanawe, mwenye gari. Upande wa pili Taratibu na magongo yake, mkewe, na wakili wa kike aliyekuwa akiwasaidia bila malipo. Wakili alishawaeleza kwamba kuomba radhi barabarani si hukumu, na kwamba haki ya fidia haifi kwa neno moja la mtu mwenye maumivu. Lakini bila kauli ya Mwalimu, kesi ingekokotwa mahakamani muda mrefu, na mguu hausubiri mahakama. Alimwomba msusi asifungue mdomo hata achokozwe vipi. Msusi aliahidi, na ahadi hiyo ilikuwa ikimwia nzito tangu wakiwa koridoni, alipomsikia mwana wa Mwalimu akimnong'oneza baba yake: aseme tu hakumbuki, maana akikiri leseni imekwenda, na polisi watamfungulia mashtaka uzeeni.

Mkadiriaji alimuuliza Taratibu kama ni kweli alitamka maneno yale. Taratibu akakubali.

"Sasa mtu asiye na kosa anaomba msamaha wa nini?"

Taratibu alitazama meza. Msusi aliona jasho likimtoka mumewe shingoni, akatamani kumsemea, akameza maneno. Alimchukia mkadiriaji, akamchukia mzee, na kwa dakika ile alimchukia hata mumewe kwa adabu zake.

Mkadiriaji akamgeukia Mwalimu. Je, alimsikia?

"Nilimsikia," mzee akasema. "Aliniomba msamaha."

Msusi alikata tamaa. Mkadiriaji aliandika, akafunika kalamu yake.

"Hujaniuliza kwa nini," Mwalimu akasema.

Mwanawe akamshika mkono. Mzee akainua kiganja, kama anayenyamazisha darasa.

"Akiwa darasa la nne tulipishana mlangoni nikamkanyaga. Mimi ndiye niliyemkanyaga. Akalia, nami nikamchapa kwa sababu hakuniomba radhi. Nilimwambia mdogo akigongana na mkubwa, anayeomba msamaha ni mdogo, haidhuru nani kamgonga nani. Nilimchapa mpaka akashika. Pale njia panda sikusimama. Andika hilo."

Mkadiriaji alisitasita, akataja kauli ya kwanza. Wakili akaomba mara moja kwamba hii ya sasa iandikwe na isainiwe kabla mtu hajatoka. Iliandikwa. Mwalimu aliisoma yote, akarekebisha koma moja, akatia saini. Mwanawe alikuwa ameshatoka nje.

Msusi alitaka kucheka na kulia. Mzee alisimama, bakora yake ikamponyoka, ikagonga plasta ya mguu uliovunjika. Taratibu alikunja uso kwa maumivu, akainama kuiokota, magongo yakaanguka kwa kishindo.

"Nisamehe, Mwalimu," akasema.

Hapo ahadi kwa wakili ilikwisha. "Mwalimu," msusi akasema, bila kupaza sauti, "neno hilo leo si lake."

Mzee alibaki amesimama kama mwanafunzi aliyeulizwa jambo asilolisoma. Kisha akaishika meza kwa mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu."

Taratibu alimtazama mkewe, akitaka aambiwe la kujibu. Hilo hakuwahi kufundishwa.