Kuwaachisha Shakwe Matumbo ya Samaki

Kwa miaka kumi na miwili Mama Kisu aliwasimamia wanawake wanaopasua samaki kwenye banda la gatini, na miaka hiyo yote matumbo yalimwagwa baharini saa nne kamili. Kwanza ndoo iligongwa mara tatu kwa mpini wa kisu, ili walio chini ya gati wajitoe, kisha pwaa. Shakwe, wale ndege weupe wa baharini, walianza wawili. Sasa walikuwa hawahesabiki. Paa lote lilikuwa jeupe kwa mavi yao, na mtu akila mkate nje aliukumbatia kama mtoto mchanga. Mmoja, yule mwenye mguu mmoja, alikuwa ameshamnyang'anya karani miwani.

Ndipo akaja wifi yake, dada wa mumewe, mlinzi wa kisiwa kidogo cha mchanga kinachotazamana na gati. Huko membe, ndege wembamba wasiojua kugombana, hutaga mayai mchangani kweupe.

"Wewe unawalisha shakwe, mimi wananiliza," alisema. "Wanameza makinda yangu. Acheni kumwaga, wifi yangu."

Mama Kisu hakujua mambo ya nusunusu. Siku hiyohiyo likachimbwa shimo nyuma ya banda, matumbo yote yakafukiwa. Saa nne shakwe walijipanga ukingoni, wakangoja. Saa tano wakaondoka kwa mkupuo, naye akajisifu kimoyomoyo.

Kesho yake wifi alirudi, kofia mkononi.

"Umenimaliza. Wametua kisiwani wote na njaa yao. Makinda mia na tisa, yamebaki arobaini na moja. Bado siku kumi na nane yaweze kuruka. Haya nayo yakiisha, membe hawatarudi huku."

"Si ulisema tuache?"

"Nilisema muache. Sikusema muwakatie kama umeme."

Mama Kisu alinuna, akafuta kisu ambacho tayari kilikuwa safi. Halafu akasema taratibu, "Mwanangu wa pili nilimwachisha ziwa kwa siku moja. Alikula udongo wa ukutani. Na mimi sikujifunza."

Asubuhi iliyofuata ndoo iligongwa. Kutoka kisiwani likainuka wingu jeupe, likaja moja kwa moja gatini. Hakumwaga kwa mara moja. Alirusha konzi kwa konzi mpaka alasiri, ili wasipate nafasi ya kwenda kokote. Kila baada ya siku mbili alipunguza kata moja ya matumbo, akaifukia shimoni.

"Tumekuwa mayaya wa ndege," wenzake walilalamika.

"Yaya mzuri hanung'uniki, mama. Rusha."

Mkono ulimuuma, lakini macho yalifaidi. Yule wa mguu mmoja alidaka utumbo hewani bila kumgusa mwenzake hata unyoya. Mwizi, lakini fundi. Ndoo zilivyopungua, wengine walianza kwenda mbali kujivulia wenyewe, na akawavulia kofia kwa hilo pia.

Siku ya kumi na tisa wifi alimpeleka kisiwani kwa mtumbwi. Mama Kisu aliona kigoda na mwavuli uliochanika, mahali mwanamke huyu alipokaa juani wiki tatu akihesabu vitu vidogo kuliko ngumi.

"Thelathini na nane," wifi alinong'ona.

Kinda moja lilikimbia, likajikwaa, likapaa juu ya maji.

"Mwakani tutaanza kupunguza kabla membe hawajataga," alisema Mama Kisu. "Sogea kidogo, wifi, na mimi nikae."

Wakabanana kwenye kigoda kimoja, wakaendelea kuhesabu.