Sekunde Mia Mbili na Mbili

Mwaka 1974 nilikuwa nikifundisha Kiingereza darasa la sita katika kijiji kipya upande wa Gendabi, wilaya ya Hanang. Kijiji kilikuwa na umri wa miezi minane. Kabla ya hapo kaya zile zilikaa zimetawanyika, kila moja na shamba lake na zizi lake. Sasa zilikaa kwenye mistari iliyopimwa kwa kamba, na vumbi la ng'ombe wote lilikuwa limekusanyika mahali pamoja. Nalitaja vumbi kwa sababu mke wangu, Filomena, ana pumu.

Mimi ni mtu wa Iramba, Mlutheri. Katika ualimu wangu nilikuwa na kanuni moja ambayo wanafunzi waliichoka: kielezi kisicho na kipimo ni maoni tu. Kamusi ya shule iliniunga mkono kwa ubaya wake. Nilipotafuta neno slowly, iliniambia ni kinyume cha quickly. Nilipotafuta quickly, ikanirudisha kwenye slowly. Mtoto akiingia humo kutafuta maana, atatoka kama alivyoingia.

Kwa hiyo mwezi wa nane nilitumia wiki nzima kwa neno hilo moja. Nilieleza kwamba slowly ina kazi zaidi ya moja. Hueleza mwendo: mzee anatembea slowly. Hueleza mabadiliko: ndama aliyekuwa mgonjwa anapata nguvu slowly, na hapo hakuna mwendo wa kuuona kwa macho, kuna siku zinazopita. Na hutumika kwenye maagizo, pale anayeagiza hayupo: kwenye mfuko wa dawa ya mifugo, kwenye debe la rangi, kwenye chupa.

"Hii ya tatu ndiyo ngumu," niliwaambia. "Aliyeandika amekwenda zake. Huwezi kumwuliza ni polepole kiasi gani."

Nilivua saa yangu ya mkono nikawapa kwa zamu. Kila mmoja aandike sentensi moja yenye slowly, kisha alete idadi ya dakika au sekunde. Gidamis alipima ng'ombe wa baba yake kutoka zizini hadi kwenye birika la maji. Alfredi alipima ugali. Zita, binti aliyekaa dawati la mbele, aliandika: My grandmother prays slowly.

Niliipigia mstari mwekundu.

"Polepole kuliko nani?"

"Kuliko wote, mwalimu. Na haongezi. Hata mbuzi wakila nguo kwenye kamba, haongezi."

Darasa likacheka. "Ni kweli, mwalimu," Gidamis alisema kutoka nyuma. "Sisi tunaosali naye magoti yanaota mizizi."

Zita hakucheka. Alifungua ukurasa wa pili. Alikuwa amempima bibi yake, Bernadina, ambaye ndiye aliyeongoza rozari kijijini, siku tatu mfululizo. Tendo moja la rozari, yaani Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi na Atukuzwe moja: siku ya kwanza sekunde mia mbili na moja, ya pili mia mbili na mbili, ya tatu mia mbili na mbili.

Nilimpa nusu maksi. Pembeni niliandika kwamba sala haiwezi kuwa kipimo, kwa sababu mtu akiwa na shida husali haraka.

Wiki iliyofuata Gidamis aliomba kurudia kupima ng'ombe wake, na saa ikatumbukia birikani. Ilikaa humo mpaka jioni. Sikumwadhibu. Aliyetoa saa kwa mchunga ng'ombe ni mimi.

*

Alhamisi ya tarehe 19 Septemba, saa nne asubuhi, niliitwa kutoka darasani. Filomena alikuwa amekwenda kupepeta mahindi ya shamba la ujamaa. Nilikuwa nimemkataza. Lakini majina ya wasiofika yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji, naye hakutaka jina la mke wa mwalimu lisomwe.

Nilimkuta kitandani zahanati, ameketi, mikono miwili imeshika fremu ya kitanda, mabega yamepanda hadi masikioni. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alitaka kuniambia kitu akaishia kwenye silabi ya kwanza.

Mganga wa zahanati, Basili, alikuwa amekwenda Mbulu kuchukua chanjo. Aliyebaki ni nesi Perpetua, mwenyeji wa Bukoba, aliyekuwa na miezi miwili tu hapo. Vidonge alikwisha kumpa, havikusaidia. Gari la karibu lilikuwa Katesh, na hata kama lingekuwa mlangoni, Filomena asingefika nalo popote.

Perpetua alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano, mililita kumi. Alinionyesha kichupa kitupu, kana kwamba mwalimu wa Kiingereza angeweza kukiongezea neno. Maandishi yalikuwa mafupi: ichomwe kwenye mshipa, slowly. Karatasi ya maelezo, ambayo huenda ilitaja dakika, ilikuwa imeliwa na mchwa pamoja na kitako cha boksi.

"Slowly ni dakika ngapi?" nilimwuliza.

"Kumi. Ndivyo nilivyofundishwa. Nimeona iliyochomwa kwa dakika moja, mwalimu, mahali pengine, si hapa. Moyo ulisimama bomba likiwa bado mkononi."

"Basi dakika kumi."

"Kwa saa gani?"

Saa yake ya kubana kifuani ilikuwa imekatika kamani. Saa ya zahanati haikuwa imeletwa bado. Yangu ilikuwa imekunywa maji ya ng'ombe. Ya shule ilikuwa imefungiwa ofisini, na ufunguo ulikuwa Katesh, mfukoni mwa mwalimu mkuu, kwenye semina.

"Nikihesabu mwenyewe nakimbia," Perpetua alisema. "Najijua. Hesabu wewe, hadi mia sita."

Niliketi upande wa pili wa kitanda, nikashika mkono wa Filomena, nikaanza. Perpetua aliingiza sindano, akavuta kidogo kuona damu, akaanza kusukuma. Nilipofika sabini aliinua kidole gumba.

"Mwalimu, unakimbia."

"Sikimbii."

"Umefika sabini, na mimi nimepumua mara tisa."

Nilianza tena. Nilipofika arobaini alisimama tena, na safari hii nililiona kosa mwenyewe. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kifundo cha mkono wa Filomena. Sikuwa nikihesabu sekunde. Nilikuwa nikihesabu mapigo ya moyo wake, na moyo wake ulikuwa unakwenda zaidi ya mara mia na thelathini kwa dakika. Mililita moja ilikuwa imekwisha kuingia. Zilibaki tisa. Nilikuwa nimefundisha vipimo miaka kumi na moja, na wakati ule sikuwa na sekunde moja ya kuaminika kichwani.

Nje, barazani, ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Wanawake kama ishirini walikuwa wakingoja. Katika kijiji kile kulikuwa na desturi ambayo haikuhitaji tangazo: mgonjwa mahututi akiingizwa ndani, waliopo nje huweka chini walichoshika, hupiga magoti na kuanza rozari. Niliwasikia wakisogeza vyombo. Kisha sauti moja kavu ya mwanamke mzee ilianza Baba Yetu.

Nililikumbuka daftari la Zita kabla ya kuitambua sauti. Mia mbili na moja, mia mbili na mbili, mia mbili na mbili.

"Nesi," nilisema, "huyo ni bibi yake Zita. Tendo moja lake ni sekunde mia mbili na mbili. Amepimwa. Mara tatu ni dakika kumi na sekunde sita."

Perpetua ni Mkatoliki. Hakuniomba nieleze. Alitazama mistari ya bomba. "Salamu thelathini. Mililita zimebaki tisa, lakini nitakwenda kana kwamba ni kumi. Salamu tatu, mstari mmoja. Kwenye Baba Yetu nashika bila kusukuma."

"Ndiyo."

"Na wakiharakisha?"

Hilo ndilo nililokuwa nimeliandika pembeni mwa daftari kwa kalamu nyekundu. Niligeukia dirishani. "Bibi Bernadina, shikamoo! Nawaomba msiende haraka!"

Bibi alimaliza nusu yake ya Salamu, akaacha wenzake wachukue nusu yao, na katikati ya sauti zile Ludovika, mama mmoja aliyekuwa karibu na dirisha na mtoto mgongoni, alinong'ona kwa hasira: "Mwalimu, nyamaza! Bibi hana mwendo mwingine."

Nilirudi kando ya Filomena.

Perpetua alisukuma. Salamu tatu, mstari. Salamu tatu, mstari. Kwenye tendo la pili wanawake wawili walianza kutangulia. Nadhani walikuwa wameona uso wa Filomena kupitia mlango. Sauti zao zilifika mwisho wa sala kabla ya wengine. Bibi hakuwafuata. Alingoja mahali pake, akaanza Salamu iliyofuata pale ambapo ingeanzia, na zile sauti mbili zikarudi kundini kama ndama waliotangulia mama zao. Gumba la Perpetua halikuyumba. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa akifikiri chochote, alikuwa akiitikia.

Tendo la pili lilipokaribia kwisha, bega la kushoto la Filomena lilishuka. Kisha la kulia. Kwenye Salamu ya tano ya tendo la tatu aliachia fremu ya kitanda kwa mkono mmoja. Bomba liliisha kwenye Salamu ya ishirini na saba. Perpetua alichomoa sindano, akabana pamba, akabaki ameinama hivyo hivyo mpaka Atukuzwe.

Filomena alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine.

"Ungo wa watu," alisema, "nimeuacha juani."

Ilikuwa sentensi nzima. Niliinama nikajifanya naangalia pamba.

Basili alirudi alasiri. Alimsikiliza Filomena mgongoni na kifuani kwa muda mrefu, kisha akamwuliza Perpetua dawa ilichukua muda gani.

"Dakika kumi hivi, daktari."

"Kwa saa ya nani?"

"Ya Bibi Bernadina."

Basili, ambaye amezaliwa Masakta, wilaya hiyo hiyo, na anawajua wenyeji, aliandika dakika kumi kwenye kadi bila kuuliza zaidi.

*

Jumamosi tulikwenda kwa Bibi Bernadina, Filomena na mimi, tukitembea kwa vituo. Tulimkuta amepiga magoti nyuma ya jiwe la kusagia. Mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa imeahidiwa, na watu wengi walikuwa wakipeleka mahindi yao kwa punda mpaka penye mashine. Yeye hakupeleka. Zita alikuwa karibu naye, akikinga unga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Marahaba, mke wa mwalimu. Unapumua?"

"Napumua, bibi," Filomena alisema.

"Endelea."

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia kwamba nimekuja kumshukuru kwa jambo mahususi: si kwa kusali tu, ambako ni hiari yake na Mungu wake, bali kwa kutobadili mwendo pale ambapo kila mtu aliyekuwepo, mimi nikiwa wa kwanza, alibadili. Nilimwambia kwamba bila hilo Perpetua asingekuwa na kipimo, na bila kipimo labda nisingekuwa na mke. Alisikiliza huku akisaga.

"Kwa nini huongezi, bibi?" nilimwuliza. "Hata siku kama ile?"

Alinitazama kana kwamba mimi ni mwanafunzi aliyeshindwa kujumlisha. Kisha alianza Salamu Maria, mikono ikiwa kwenye jiwe. Kwenda na kurudi mara sita, nusu ya kwanza ikaisha. Mara sita tena, nusu ya pili ikaisha.

"Katekista alikuja kwetu nikiwa msichana," alisema. "Baba alisema, asome lakini unga usikose. Nikajifunzia hapa. Ukikimbia, unga unakuwa chenga. Ukilala, jua linakuzamia. Mwendo wa jiwe ni mmoja. Siku ile nilifumba macho nikasaga, basi."

Zita alisogeza ungo karibu na jiwe.

"Huyu mtoto," alisema, akimwonyesha Zita kwa kidevu, "aliniwekea saa siku tatu nikamvumilia. Alipata ngapi?"

Zita aliinamia ungo.

"Nusu," nilisema.

"Nusu ya nini?"

Filomena alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikasimama kwa hofu, lakini kilikuwa kicheko tu, kina pumzi ya kutosha, na Zita akacheka pia, na Bibi akaendelea kusaga.

Nilimwomba Zita daftari. Alilileta limefungwa kwa kitambaa. Nilikata maneno yangu ya pembeni kwa mstari mmoja, ili yaendelee kusomeka, nikaandika maksi kamili na tarehe. Sentensi yake ya Kiingereza sikuigusa. Haikuwa na kosa tangu mwanzo.

"Asante, mwalimu," Zita alisema.

"Asante wewe," nilimjibu. Lilikuwa jibu sahihi, ingawa darasani ningelisahihisha liwe "Karibu".

Bibi alikung'uta mikono, akaongeza mahindi kwenye jiwe. "Mke wa mwalimu asipepete tena. Nitamwambia mwenyekiti mimi mwenyewe, na jina lake wasilisome. Sasa kaeni. Uji wenu ndio huu, bado unasagwa."

Tulikaa. Sikuwa na saa. Nilihesabu jiwe, kwenda na kurudi, na Filomena kando yangu akivuta pumzi na kuitoa, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hesabu yangu haikukimbia.