Feni Juu ya Paa la Shangazi

Naomba niseme mapema, kabla ujasiri haujaniishia: upepo ule ulikuwa wangu.

Baba yangu hufunga mitambo midogo ya upepo juu ya mapaa ya mjini, ile yenye mapanga matatu ambayo majirani huiita feni, na yeye huwasahihisha bila kuchoka. "Feni inakula umeme. Huu unaleta." Lakini jina lake la mtaani halikutokana na mitambo aliyofunga. Lilitokana na ile aliyokataa kufunga. Walimwita Fundi Hapana. Mwenye saluni alimwomba, akajibiwa hapana, ghorofa la jirani linakuzibia. Mwenye gereji alimwomba, hapana, miti.

Kabla ya kumjibu mtu yeyote, baba alipanda juu ya paa la mtu huyo, akasimika mlingoti mwembamba wenye vikombe vitatu vya plastiki vinavyozunguka. Hicho ndicho kipima upepo. Akakiacha pale siku thelathini kamili, na kisanduku kilichofungwa chini ya mlingoti kikawa kinaandika kasi ya upepo kila saa. Siku ya thelathini na moja alirudi, akahamishia tarakimu kwenye daftari lake lenye jalada gumu, akafikiri, na mara saba katika kumi akasema hapana. Wale watatu waliobaki walikuwa na taa hata mtaa mzima ukiwa gizani. Ndiyo maana watu walimwamini. Fundi anayekataa kazi hana haja ya kukudanganya.

"Kipima upepo hakina ndugu," alipenda kutuambia.

Mimi nilikuwa na ndugu. Nilikuwa pia na likizo ya wiki sita, na feni ya mezani.

Inafaa nieleze wadhifa wangu wa wakati huo. Shuleni, bwenini, nilikuwa Waziri wa Mambo ya Ghafla, cheo nilichojipa mwenyewe na kujiapisha mbele ya kioo cha bafuni. Katika muhula mmoja tu wizara yangu iliihamishia saa ya matroni ndani ya pipa la mchele, ikaratibu mtihani wa taifa wa kupiga mswaki kwa kidato cha kwanza, na kumpokea mgeni rasmi ambaye hakuwepo, kwa gwaride. Msichana mzima, sura ya malaika, adhabu kila Ijumaa. Baba alisoma ripoti ya shule akijaribu kukunja uso, akashindwa. "Karibu nyumbani, Mheshimiwa," akasema. Tangu hapo hakuniita jina lingine.

Likizo hiyo nilikaa kwa shangazi, dada yake mkubwa baba, yule aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Shangazi alikaa orofa ya tatu, ya mwisho, na katika chumba cha nyuma alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga: kabati la bati lenye kioo mlangoni, mayai mia tatu ndani yake, na joto ambalo halikutakiwa kushuka hata kidogo kwa siku ishirini na moja. Umeme ulipokatika, shangazi alishuka ngazi zote akiwa na ndara mguu mmoja na kiatu mguu mwingine, kwenda kuwasha jenereta la kuazima. Lilikohoa moshi hadi majirani wakafunga madirisha na kufungua midomo.

Kwa miaka miwili alikuwa akimwomba baba amfungie mtambo. Kwa miaka miwili baba alikuwa akitafuta la kusema. Nadhani aliogopa jibu. Hatimaye akapanda, akasimika mlingoti.

"Ukiniambia hapana," shangazi akasema akiwa amemshikia ngazi, "nitakukumbusha nani alikuwa anakufulia nepi."

"Dada, mbele ya mtoto?"

"Mtoto naye afaidi historia."

Siku ya tatu nilipanda kuanika nguo nikaona vikombe vimetulia tuli, kama watu waliopigiwa wimbo wa taifa. Nikahuzunika kwa niaba yao. Nikaleta feni ya mezani, nikavuta ekstensheni kutoka kwenye ngazi, nikaiweka feni juu ya beseni lililopinduliwa, nikabonyeza namba tatu. Vikombe vikazunguka hadi havionekani.

Mpango ulikuwa mzuri, nakiri kwa aibu kwamba ulikuwa mzuri. Kila siku, shangazi akilala kidogo baada ya chakula na kisha kwenda kupeleka vifaranga kwa wateja, mimi nilikuwa napuliza. Saa nane mpaka saa kumi na moja. Baba angefungua kisanduku akute upepo unaoripoti kazini na kutoka kazini kama karani. Angekuna kichwa. Ndipo ningesimama, nikohoe, na kusoma Tamko la Wizara, ambalo nililiandika kwenye karatasi ya mistari kwa mwandiko wangu bora: *Ndugu wananchi, upepo mnaouona ni juhudi za serikali yenu.*

Siku ya thelathini na moja ikafika. Baba aliketi mezani kwa shangazi, kompyuta kushoto, daftari kulia. Aliandika ukurasa wa kwanza, akaandika wa pili, akaacha. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake, karatasi mfukoni.

"Mheshimiwa," akasema bila kugeuka. "Saa nane mpaka kumi na moja, huwa kuna mtu anapanda huko juu?"

Hapo ndipo. Nimerudi mahali hapo mara nyingi, na kila mara mlango uko wazi na mimi sipiti. Kikohozi kilikuwa tayari kooni. Lakini baba aligeuka, nikauona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu anayeomba asinyang'anywe kitu.

"Hakuna, baba. Labda nguo."

Akacheka. Akachora ramani haraka haraka: ghorofa mbili za mbele, nafasi katikati yake, jua la mchana linachoma zege, hewa inapanda, upepo unapenya. Alipata maelezo yote mwenyewe, sikumsaidia hata neno. Saa tatu tu za upepo kama huo kila siku, akasema, zinatosha kujaza betri. Kisha akainua kichwa.

"Dada. Ndiyo."

Shangazi aliketi chini, juu ya trei za mayai ambazo, kwa bahati nzuri, zilikuwa tupu. Alishika mdomo. "Sema tena."

"Ndiyo. Inawezekana."

Nitasema kesho, nikajiambia. Kesho yake baba aliletewa mlingoti wa chuma. Nitasema baada ya chakula. Baada ya chakula walikuwa wanatoboa zege. Jumamosi mtambo ulisimama, mweupe, mapanga matatu yanang'aa, na kwa bahati mbaya kabisa upepo ukapita siku hiyo, upepo halisi, ukaugeuza kidogo. Watu wakapiga makofi. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kiko mlangoni pa jengo na ndiye redio ya mtaa, akapaza sauti: "Leo Fundi Hapana kasema ndiyo! Andikeni tarehe!" Jioni ile shangazi alilirudisha jenereta kwa mwenyewe, na asante nyingi.

Umeme ulikatika siku ya kumi na tisa ya mayai, siku mbili kabla sijarudi shule. Asubuhi betri zilibeba. Kufika adhuhuri zilikuwa zimekwisha, na juu ya paa mtambo umesimama kama msumari. Shangazi alipiga simu kwa mwenye jenereta. Lilikuwa safarini, limeazimwa kwingine. Aliweka sikio kwenye kioo cha mashine. "Wameanza kulia humo ndani," akaniambia. "Sikiliza."

Nilisikia. Vilio vyembamba, kutoka ndani ya maganda.

Sikufikiri. Nilinyakua feni, nikapanda ngazi mbio, nikaiweka juu ya beseni, nikachomeka ekstensheni, nikabonyeza namba tatu. Kisha nikasimama pale nikiitazama feni isiyo na umeme.

Basi nikachukua mti wa kuanikia nguo, nikaanza kuyasukuma mapanga ya mtambo kutoka chini. Panga moja, jingine, jingine. Yaligeuka nilipoyagusa, yakasimama nilipoacha. Sijui nilisukuma kwa muda gani. Baba, aliyeitwa na shangazi, alinikuta hapo, shati limenilowa, nalia kwa sauti ya kitoto ambayo wizara yangu haikuwahi kuitoa hadharani.

Aliutazama mti mikononi mwangu. Akaitazama feni, beseni, waya.

"Saa nane mpaka kumi na moja," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nilikuuliza."

"Ndiyo, baba."

Aliketi kwenye ukingo wa tangi la maji. Nilimpa karatasi, sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Aliisoma yote, mpaka kwenye saini ya Waziri. Niliwahi kuwaza mara elfu jinsi ambavyo angecheka mahali hapo.

"Upepo wa namna ile haupo," akasema polepole. "Upepo hautazami saa. Nilijua haupo, nimefanya kazi hii miaka tisa. Angekuwa mteja mwingine ningekiacha kipima siku thelathini nyingine. Lakini alikuwa dada, basi nikakuuliza wewe. Nilitaka sana uniambie hakuna mtu." Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya daftari. "Tushuke. Tuchemshe maji."

Tuliizungushia mashine mablanketi na chupa za maji ya moto, jiko la gesi halikuzimwa mpaka umeme uliporudi kesho yake. Wakaanguliwa vifaranga kumi na mmoja. Waliobaki shangazi aliwapasulia maganda mmoja mmoja kwenye karai, akitafuta aliye hai, na baba ameketi naye sakafuni.

"Nilikosea hesabu, dada," akamwambia. "Ni hesabu zangu."

Nikafungua mdomo. Baba alinitazama, nikaufunga. Nao huo ni uamuzi wangu, simsingizii yeye.

Nilirudi shule. Huku nyuma fundi viatu alikuwa amepata kibarua cha maisha. "Hilo feni lenu limelala, kaliimbieni!" Mwenye duka la dawa, aliyekuwa katikati ya siku zake thelathini, akaomba kipima kiondolewe. Wengine wakafuata. Baba akarudi kufunga swichi na balbu, kazi ambayo haimtaki mtu aseme hapana. Mtambo wa shangazi aliuteremsha peke yake.

Likizo iliyofuata nilimkuta shangazi akisugua trei. Nikashika brashi upande wa pili, nikamweleza yote, kuanzia beseni. Alisugua trei mpaka mwisho, akaiweka kando.

"Ule waya ulipita mlangoni kwangu kila siku," akasema. "Mimi nikadhani unakausha sare zako. Nikasema, mtoto huyu kaanza kuwa nadhifu."

"Nisamehe, shangazi."

"Mimi nimekusikia. Sasa shuka ukamwambie fundi viatu."

"Fundi viatu?"

"Mdogo wangu anachekwa huko chini, hachekwi humu jikoni."

Ngazi zile zina vidato hamsini na mbili. Fundi viatu alikuwa anapaka gundi kwenye soli. Nilimweleza nikiwa nimesimama, mbele ya wateja wawili waliokuwa peku wakisubiri viatu vyao. Nilingoja utani. Aliibana soli, akaishikilia mpaka ikashika.

"Mzee wako alituambia ni hesabu," akasema, akachukua kiatu kingine. Hilo lilikuwa baya kuliko utani.

Kazi zimeanza kurudi, chache. Siku za likizo nambebea baba ngazi. Kipima upepo ni kile kile, ila sasa vikombe viko ndani ya kizimba cha waya mwembamba, chenye kufuli dogo. Wateja huuliza kufuli la nini.

"Ndege," baba huwajibu. "Kuna ndege wanapenda kuvichezea."

Hanitazami anaposema hivyo. Hajaniita Mheshimiwa tena. Ananiita jina langu, taratibu, kama la mtu aliyetambulishwa juzi. Mimi nashika ngazi. Yeye anapanda, anafunga kufuli, na ufunguo anautia mfukoni mwake.