Konokono Wenye Rangi ya Kucha

Shamimu Pazi alishuka Tabora mwezi wa saba akiwa na begi moja la nguo na ndoo tatu za kukamatia konokono. Wenzake wa mwaka wa tatu chuoni walikuwa wamegombania likizo ya utafiti kwenye maziwa makubwa, kwenye boti na samaki wa kuchoma. Yeye alichelewa kujaza fomu, akapangiwa konokono.

Msimamizi wake, Dokta Nikolaus, alimweleza kwa simu bila kupindisha. Angehesabu konokono wa Lambo la Wapagazi, wale wanaoeneza kichocho. Akileta hesabu ya kuaminika, angechukuliwa kwenye mradi wa miaka miwili hapohapo Tabora. Akileta upuuzi, nafasi ingekwenda kwa Idrisa, kijana wa darasani kwao mwenye miwani na kimbelembele. Shamimu aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Kwao Kisarawe mdogo wake alikojoa damu miezi minne kabla mtu hajajua ni kichocho, na hilo hakulisahau.

Lambo lenyewe, wenyeji husema wapagazi wa misafara ya zamani walitua mizigo hapo wakanywa maji kabla ya kuingia mjini. Kiangazi hiki lilikuwa limenywea mpaka likabaki nusu ya uwanja wa netiboli. Wapagazi hawapo tena. Konokono wapo, na hawana mpango wa kuhama.

Chumba alipanga mtaa wa Ipuli, nyuma ya saluni ya Apolinaria, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Festo. Alikuwa Mnyamwezi, Mkatoliki, mnene wa kujivunia, mwenye kucha zilizonakshiwa upya kila Jumamosi. Shamimu alipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akauliza swali moja tu.

"Kabila gani, mwanangu?"

"Mzaramo."

Mama Festo akaweka chini kitana, akampigia vigelegele. "Jamani! Nimeletewa mtani mpaka ndani!"

Kwa asiyejua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anakusema vibaya, anakupokonya chakula, nawe hukasiriki, ukikasirika umeshindwa. Lakini mtani akifiwa, kazi za msiba ni zako. Mwaka juzi alipofariki Mzee Abbasi, Mzaramo wa mtaa wa pili, Mama Festo alichota maji na kupika siku tatu mfululizo, kisha akajilaza mlangoni jeneza lisitoke mpaka apewe soda mbili. Akapewa. Moja akairudisha kwa kuwa haikuwa ya baridi.

Basi kwa wiki tatu Shamimu alinyang'anywa nusu ya kila sahani ya wali wa nazi aliyopika.

"Mzaramo usipompunguzia nazi," Mama Festo aliwaeleza wateja, "anaanza kucheza mdundiko mpaka ukuta unaanguka."

"Na nyie mmezoea kubeba," alijibu Shamimu. "Kula mtuachie wenyewe."

Wakapendana hivyohivyo, kwa matusi.

Wiki ya tatu Shamimu akanunua pale saluni chupa ya rangi nyekundu ya kucha. Mama Festo akauliza ya nini. Aliposikia ni ya kuwapaka konokono, alicheka mpaka akamvuta nywele mteja aliyekuwa akisukwa, kisha akafunga saluni akamfuata hadi lamboni kushuhudia.

Shamimu alikuwa ameinama na glovu zake, akiweka tone la rangi kwenye kila gamba. "Leo ninapaka mia moja na ishirini," alieleza. "Ninawarudisha majini. Alhamisi ijayo ninakamata wengine mia. Nikikuta kumi tu ndio wenye rangi, ninajua lambo zima lina kama elfu moja na mia mbili. Umeona, Mama Festo?"

Mama Festo alikuwa ameona. Ila hesabu ilimpita pembeni. Kilichomkaa rohoni ni ule upakaji.

"Yaani hii ndiyo rangi?" aliuliza kwa uchungu wa kweli. "Konokono wa Tabora, unawapaka kama uko juu ya lori?"

Shamimu akacheka. Hakujua anacheka nini.

Alhamisi ilipofika alikwenda lamboni asubuhi akiimba, maana kesho yake saa sita Dokta Nikolaus angeshuka kwa treni kuja kukagua. Akatumbukiza chujio, akainua, akaacha kuimba. Wa kwanza alikuwa mwekundu wa kung'aa, na ukingo wa fedha. Wa pili alikuwa na nukta nyeupe zilizopangwa vizuri. Wa tatu alikuwa na ua. Katika konokono mia, themanini na saba walikuwa wametengenezwa kama maharusi. Kwa hesabu ile, lambo zima lilikuwa na konokono mia moja thelathini na wanane, na hapo yeye peke yake kabeba mia kwenye ndoo!

Alikimbia na mabuti yake mpaka saluni.

"Mama Festo! Konokono wangu!"

"Wamependeza, eh?" Mama Festo alijibu bila kugeuka. "Wale wa kwako niliwafuta wote kwa asetoni, nikaanza upya. Sikuweza kulala nikiwafikiria. Wateja nao wakashika brashi. Yale maua ni ya Julieth, huyu hapa."

Julieth, aliyekuwa chini ya draya, akapunga mkono.

"Mmepaka wangapi?"

"Mwanangu, urembo nani anauhesabu?"

Hasira ilimpanda Shamimu. Wateja wote walikuwa wakimtazama, wakisubiri Mzaramo akasirike. Akaenda chumbani kwake, akalia robo saa nzima, akimlilia mdogo wake na miezi ile minne, akimwona Idrisa akipewa mabuti yake. Kisha, katikati ya kwikwi, akazikumbuka soda za msiba wa Mzee Abbasi, alizosimuliwa na Mama Festo mwenyewe.

Alifuta machozi. Akachukua boksi lake la barafu, lile la kuhifadhia sampuli, akalifunika kwa kanga, akalibeba mpaka mbele ya saluni. Akatandika mkeka, akajifunga kanga nyingine kichwani, akaketi na kuangua kilio.

"Utafiti wanguuu! Umeniacha na nani!"

Wanawake wakatoka na rola za nywele kichwani. Mwendesha baiskeli aliyetoka Sikonge na madumu ya asali akashuka, akavua kofia, akauliza kwa heshima mazishi ni lini.

"Kesho saa sita mchana," Shamimu alimjibu kwa sauti ya kukauka. "Marehemu alikuwa na wiki tatu. Ameuawa kwa rangi ya kucha."

Mama Festo alisimama mlangoni na kitana mkononi. Alitazama boksi, akatazama mkeka, akaelewa kwamba amenaswa. Mtoto hakukasirika. Mtoto alikuwa amefiwa.

"Jamani," alisema polepole, akivua aproni, "mtani amepata msiba. Haya, mfiwa, sema. Kazi zetu ni zipi?"

"Kuchota," alisema Shamimu. "Kila konokono aliyemo lamboni atoke, ahesabiwe. Wote."

Ijumaa kulipokucha wanawake ishirini na sita waliingia lamboni wakiwa na mabuti ya mvua ya kuazima na glovu ndefu za saluni. Walichekecha maji kwa machujio ya chai, kwa nyungo, kwa chandarua kikuukuu, huku wakiimba nyimbo za msiba zenye kuwasema Wazaramo kwa majina. Julieth alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Nusu nyingine ilisubiri mazishi.

Dokta Nikolaus alifika akiwa na viatu vya ngozi, akasimama kwenye tope.

"Elfu moja mia moja na kumi na tisa!" Mama Festo alikuwa akipaza sauti. "Na huyu ndiye wa mwisho. Ishirini!"

Shamimu alimsimulia msimamizi wake yote, tangu mwanzo, bila kuficha hata asetoni. Dokta Nikolaus akamwinua konokono mwenye ua, akamgeuza juani kwa muda mrefu.

"Miaka kumi na minane ninakadiria konokono," alisema. "Sijawahi kukutana na mtu aliyewahesabu wote. Na kwa miaka hii miwili ya mradi, nani atawahesabu?"

"Sisi," alisema Mama Festo. "Afiwe tu."

Dokta Nikolaus akatoa kalamu, akaandika jina la Shamimu kwenye fomu ya mradi.

Mwisho wa mwezi wa tisa Shamimu alikuwa stesheni, akirudi chuoni kufunga masomo kabla ya mradi kuanza. Mama Festo alimkalisha juu ya begi, akamvua ndala ya kulia, akatoa chupa nyekundu.

"Tulia. Ninakurudisha pwani na alama," alisema, akiinamia kidole gumba cha mguu. "Mwakani tukikamata Wazaramo mia hapa stesheni, tutajua kwenu mmebaki wangapi."

Shamimu alicheka, kisha akatazama chini. Machozi yalikuwa yakimtiririka Mama Festo mpaka kidevuni.

"Mama Festo, rangi imetoka nje ya kucha."

"Nyamaza," akasema Mama Festo. "Konokono haongei."