Prosesa ya Mahari

Wazo la kuingiza kompyuta kwenye mahari lilikuwa langu, na nilijiona nina akili kuliko ukoo mzima. Mimi nachora ramani za nyumba. Sikuwa na kompyuta, kwa hiyo nilikuwa nachorea kwenye kompyuta ya steshenari moja pale Musoma mjini. Ukifika kwenye paa tu, anatokea mtu na barua ya kuomba kazi ya kuchapwa haraka, na wewe na paa lako mnasubiri nje. Renatus wa Bunda alipotangaza nia ya kunioa, nikaenda Butiama kumwomba baba kwamba kati ya ng'ombe kumi na wawili, mmoja awe kompyuta. Baba alifikiri kidogo, akakubali. Ningejiuliza kwa nini amekubali upesi hivyo, lakini kichwa changu kilikuwa kwenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta.

Siku ya kupokea, nilikaa chumba cha pili na shangazi Hyasinta, maana bibi harusi haruhusiwi kusikika kwenye mazungumzo yanayomhusu. Wageni waliongozwa na mzee Ngusa, baba mkubwa wa Renatus, mtu anayeweza kumuuzia daktari wa mifugo jogoo mgonjwa. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wameshaingia zizini. Akafungua kitenge, akatoa kompyuta, akasema wao si wabahili: wengine wanaleta prosesa ya i3, wengine i5, wao wameleta i7. Wazee wetu wakaguna kwa kuridhika. Saba ni saba. Baba mdogo Makongoro, ambaye kwake kompyuta ni televisheni iliyolazwa chali, akaanza kupiga makofi.

Nilichungulia pazia. Ile kompyuta ilikuwa nene kama Biblia ya madhabahuni. Nikamtuma shangazi akaichukue kwa kisingizio kwamba wanawake nao wana ukaguzi wao. Nikaiwasha, ikawaka kwa kujifikiria, nikasoma: i7 kweli, lakini ya kizazi cha nne. Ilitoka nikiwa bado navaa sare za shule ya msingi. Mtu mwingine angelia. Mimi nilikasirika.

Shangazi akarudi sebuleni kusema kwamba tunaomba i5 ya kizazi cha kumi na tatu. Pakachafuka. Nani anapewa saba akaomba tano? Makongoro akauliza kama wakwe wameshaniroga hata kabla hawajanichukua. Nikaona adabu itaniponza, nikatoka mwenyewe mpaka katikati ya wazee.

"Baba zangu," nikasema, "hili ni dume lililokuwaga na nguvu enzi zake. Sasa hivi meno yameisha. Mimi naomba mtamba."

Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Makongoro aliichukua kompyuta, akaigeuza tumbo juu, akaitazama kwa huzuni, akamrudishia mwenyewe. Mzee Ngusa akakohoa na kusema hata yeye alikuwa na wasiwasi nayo.

Walirudi baadaye na i5 niliyoitaka. Nikafungua ramani yenye ghorofa mbili, na paa likasimama kabla sijaondoa kidole. Nilifurahi mpaka nikaibusu ile kompyuta mbele za watu, kitu ambacho Renatus mwenyewe alikuwa bado hajapata.

Siku ya kuondoka niliipanga kwenye begi, katikati ya vitenge. Baba akaja, akaitoa taratibu, akaisukuma chini ya kitanda chake. Akaniambia kwamba hiyo ni ng'ombe wa mahari, na wote kumi na wawili wanakwenda Kibara kumwolea mke kaka yangu Samwel.

"Umeshaona wapi binti anaolewa halafu anaondoka na ng'ombe wake?" akauliza.

Sikuwa nimeona popote. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Nilikuwa nimewavunjia wazee heshima ili mvuvi wa sato wa Kibara, baba mkwe wa Samwel, apate kuangalia mpira bila kukwamakwama.

Nikaketi juu ya begi. Nje, gari la akina Renatus likapiga honi.

"Baba, ng'ombe wa mahari akiwa bado zizini, maziwa yake ni ya nani?"

"Ya waliopo nyumbani."

"Basi mimi nipo nyumbani."

Nikapiga magoti, nikaivuta kutoka chini ya kitanda, nikaiwasha, nikaanza kuchora choo cha mteja. Honi ikapigwa tena. Sikuwa natania, na baba aliliona hilo. Shangazi Hyasinta, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema kwamba mke asipofika kwa mumewe, ng'ombe wanarudi Bunda wote, na Samwel ataendelea kujipikia ugali wake.

Baba alitazama zizi kupitia dirishani. Akanitazama mimi. Kisha akaifunga kompyuta kwa mikono yake mwenyewe, akairudisha kwenye begi, akaifunika na kitenge.

"Kibara nitawaambia mmoja kafia njiani," akasema.